Filta Ndefu ya Kopo

Gereji yake ilisajiliwa Jumatatu, tarehe 7 Machi 2016. Cheti chenye tarehe hiyo kimetundikwa ukutani juu ya meza ya jiriwa, ndani ya fremu ya kioo, na mwenyewe hukifuta kwa kitambaa kilekile anachofutia spana, ndiyo maana kioo hakijawahi kung'aa. Jina lililoandikwa pale hakuna anayelitumia. Mtaa mzima, kuanzia muuza matairi wa kona hadi mchomeleaji wa mlango wa pili, humwita Kopo.

Jina alijitakia. Magari mengi madogo huja na filta ya oili ndogo inayoenea kiganjani. Zamani, akiwa bado anajifunza ufundi, Kopo aligundua kwamba filta ya gari kubwa zaidi, ndefu kama kopo la maziwa, uzi wake wa kufungia ni uleule na mpira wake wa kuzibia ni uleule. Inaingia bila ubishi. Hoja yake ilikuwa nyepesi, wala haikuwa ya kijinga: karatasi ya kuchujia ni nyingi zaidi, kwa hiyo uchafu unaonaswa ni mwingi zaidi, na oili inayozunguka kwenye injini inaongezeka kidogo.

"Hii ndogo ni ya kutokea dukani," aliwaambia wateja. "Kaka yake ndiye wa kazi."

Wateja walimpenda kwa hilo. Kitu kikubwa hakihitaji maelezo marefu.

Kasoro ilikuwa moja. Ndani ya filta kuna ulimi wa mpira unaozuia oili isishuke injini ikizimwa. Katika zile filta rahisi alizonunua Kopo, ulimi huo ulikuwa mgumu na haukuziba sawasawa. Gari likilala, oili ilishuka taratibu. Asubuhi pampu ililazimika kulijaza kopo zima upya kabla ya oili kufika juu. Muda wote huo taa nyekundu ya oili iliendelea kuwaka kwenye dashibodi. Wateja walipouliza, Kopo alipata jibu. Lilimtoka vizuri, na kwa kuwa lilimtoka vizuri akawa analirudia kwa kila mtu.

"Usiogope taa. Filta ni kubwa, inakunywa kwanza."

Miongoni mwa waliolimeza jibu hilo bila kutafuna alikuwa dada yake.

Dada huyo ni mkubwa wake, wa kuzaliwa naye tumbo moja, na anaendesha teksi. Abiria wake wengi ni wagonjwa wa figo anaowapeleka kliniki na kuwarudisha nyumbani, watu wasioweza kusimama kituoni wakisubiri bahati. Wanamjua kwa ulimi wake. Ukiubamiza mlango anageuka na kukuuliza, "Mpenzi, umeona geti hapa?" Lakini ndiye yuleyule anayepanda ngazi hadi mlangoni kumshika mkono mgonjwa aliyetoka kliniki amelegea. Kliniki wanalijua gari lake kwa mlio wa honi.

Gari la dada ndilo Kopo alilolipenda kuliko yote, na ndilo alilolifanyia makubwa. Filta ndefu ilikuwa inagusa lile bamba la chuma linaloikinga injini kwa chini. Akalifungua bamba, akaliegemeza ukutani. Filta ikabaki inaning'inia wazi, imeshuka kuliko kitu kingine chochote chini ya injini. Barabara za mjini ni laini, alijiambia.

Asubuhi moja, miezi michache iliyopita, dada alikuwa amempakia fundi cherehani mstaafu, mama mnene na mcheshi, pamoja na kiti chake cha magurudumu na mwanawe wa kiume aliyerithi unene wa mama yake. Gari lilikuwa limekaa chini kwa uzito. Kwenye tuta la mbele ya shule likashuka kwa kishindo, na kitu kikagonga.

"Umevunja tuta la watu," alisema yule mama.

"Wataunga," dada akajibu, akakanyaga mafuta.

Mitaa michache mbele taa nyekundu ikawaka. Yule mama, aliyekuwa amekaa mbele, aliiona wa kwanza.

"Mwanangu, hiyo taa ni ya nini?"

"Inakunywa, mama."

"Inakunywa nini?"

"Oili. Mdogo wangu ndiye fundi."

Wakaendelea. Walivuka mzunguko, wakaanza kupanda mlima wa kwenda kliniki, na hapo injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya pipa. Kabla ya kufika juu ikakaza, ikazima, ikagoma kabisa. Dada aliwasimamishia abiria wake gari jingine, akahakikisha kiti cha magurudumu kimeingia, kisha akapiga simu gereji.

"Mdogo wangu, njoo," alisema. "Imemaliza kunywa."

Kopo alipofika hakuhitaji kufungua boneti. Mstari mweusi wa oili ulikuwa umechorwa barabarani tangu chini ya mlima. Alilala chali, akaingia chini ya gari, akaiona filta yake: imebonyea ubavuni, imepasuka kwenye mshono. Akatoka, akajipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tuta lile halina hata rangi," alisema. "Watu wanajenga matuta kama kuta."

Dada alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, mkoba mapajani. Kopo alizoea kugombezwa naye tangu utotoni na angepokea kashfa yoyote, ila kashfa haikuja.

"Taa ilikuwa inawaka," dada alisema. "Niliiona. Ningekuwa na fundi mwingine ningesimama."

Alipoinuka alisema gari auziwe muuza vyuma chakavu. Yeye anaacha udereva. Binamu yao ana duka la vitambaa, alikuwa akitafuta mtu wa kukaa nalo.

Kopo hakuliuza gari. Alilivuta hadi gereji, akalishusha injini, akaisambaza mezani. Beringi zilikuwa zimeyeyuka na kujisiliba kwenye shafti kubwa ya injini. Shafti yenyewe ilihitaji kupelekwa karakana ya kuchongea vyuma. Yote hayo aliyajua namna ya kuyafanya. Asichokijua ni namna ya kumrudisha dada kwenye usukani, kwa maana dada hakupokea simu zake, na ujumbe aliupata kupitia kwa mkewe: "Mwambie mumeo nauza vitambaa."

"Amekasirika kwa ajili ya gari," Kopo alimwambia mkewe walipokuwa wakinywa chai.

"Wifi yangu hakasirikii bati," mkewe alisema. "Alimjibu abiria kwa maneno yako. Yamemfedhehesha mdomoni mwake mwenyewe." Akamwongezea chai. "Kwani hayo maneno umewaambia wangapi?"

Kopo akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Vidole havikutosha.

Kesho yake alifunga gereji mapema, akaanza kuwazungukia. Ilikuwa kazi ya aibu na hakuna aliyemwomba aifanye. Dereva wa gari la mkate alimcheka hadi akashika mlango: "Kwa hiyo ilikuwa hainywi?" Gari lake lina nafasi tele chini ya injini na bamba lake lipo, kwa hiyo Kopo alimwachia filta ndefu, ila akambadilishia iliyokuwa na ulimi mzuri. Wengine aliwarudishia ndogo, akiwa amelala chini ya magari yao barabarani, watoto wakimhesabia nati. Kwa kila mmoja alisema sentensi moja: taa ikikawia, zima.

Aliyemtoa jasho ni mwalimu wa hesabu, mteja wake mwingine, aliyemfuata shuleni kwake. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Fundi, mimi nimeelewa. Tatizo ni shemeji yangu."

"Ana nini shemeji yako?"

"Nilimwambia ile habari ya kunywa. Alikuwa analalamika taa yake inakawia kuzima."

"Nilimfungia mimi filta?"

"Hapana. Wewe hakujui. Ana filta ileile ya kiwandani."

Kopo aliinyooshea kidole simu ya mwalimu. "Mpigie," alisema. "Sasa hivi."

Mwalimu akapiga, akaweka sauti ya nje. Shemeji alikuwa njiani, na ndiyo, taa ilikuwa inawaka, ilikuwa inawaka wiki nzima, si mwalimu alisema ni kawaida?

"Simama!" Kopo alipiga kelele hadi wanafunzi wakachungulia dirishani. "Weka pembeni, zima, usiwashe tena."

"Nani huyo?"

"Ni fundi," mwalimu akasema. "Zima tu, shem. Usibishane na huyu, amekuja na mikono michafu."

Walimfuata alipokuwa. Kopo alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakitumbukiza, akakichomoa tena. Kilikuwa kikavu kabisa. Kiziba cha chini kilikuwa kimelegea na oili ilikuwa ikidondoka tone kwa tone, labda kwa wiki mbili. Walikikaza, wakajaza oili, wakawasha. Injini ilinguruma kwa mkwaruzo kidogo, kisha ikatulia. Shemeji wa mwalimu akaendelea na safari yake bila kujua vizuri balaa aliloepushwa nalo.

Mke wa Kopo ndiye aliyeisimulia habari hiyo dukani kwa vitambaa. Wifi yake alikuwa akipima kitambaa cha mapazia na hakuinua macho.

"Alimwambia azime?"

"Kwa kelele, wifi. Mbele ya darasa zima."

Dada alikata kitambaa, akakikunja. Ila Jumamosi alasiri, Kopo akiwa amemaliza kuirudisha injini mahali pake, kivuli kilisimama mlangoni mwa gereji kikiwa na mkoba.

Siku hizo Kopo alikuwa amebuni jambo, na mchomeleaji wa jirani, anayeitwa Cheche, alikuwa amemsaidia. Badala ya kuifunga filta ndefu chini, walikuwa wameitengenezea kiti cha chuma juu, pembeni ya betri, na mipira miwili minene ya kupeleka oili na kuirudisha. Ilikuwa kazi safi. Cheche alikuwa ameipaka rangi ya fedha bila kuombwa.

"Shikamoo, dada," Kopo alisema.

"Marahaba." Dada aliinama juu ya injini. "Hii nini?"

"Nimeihamisha. Tuta haliifikii tena. Na ulimi wake nimeupima mwenyewe, nimejaza oili, nimeuacha siku nzima, haujavuja hata tone."

"Imependeza, au vipi, dada?" Cheche alidakia. "Hata ukifungua boneti harusini hupati aibu."

"Imependeza sana," dada alisema. "Na hii mipira, ikipasuka?"

Kopo alitazama mipira. "Haipasuki kirahisi."

"Nimekuuliza ikipasuka."

"Oili itamwagika."

"Halafu?"

"Taa itawaka."

"Zamani nilikuwa na njia moja ya kumwaga oili. Sasa umeniongezea mbili, umezipaka na rangi." Akajinyoosha. "Mdogo wangu, mimi nabeba wagonjwa. Nifungie ile filta iliyokuja na gari."

Kopo alibaki ameshika boneti. Kazi ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na kila fundi aliyepita mtaani alikuwa ameisifia. Kisha akachukua spana.

Alifungua kiti cha chuma, akatoa mipira, akaviweka vyote chini ya meza. Akafuta uso wa injini, akahakikisha hakuna mpira wa zamani ulionata, akapaka oili kidogo kwenye mpira wa filta ndogo, akaikaza kwa mkono. Akalirudisha lile bamba la chini na bolti zake zote, na mbili zilizokuwa zimepotea akazitafutia nyingine. Dada alisimama juu yake muda wote na mwanga wa simu, akimwelekeza mtu aliyekuwa anaijua kazi.

"Washa," Kopo alisema kutoka chini.

Dada aliingia, akafunga mlango polepole. Injini ikashika. Taa nyekundu ikawaka, na kabla hajaondoa mkono kwenye ufunguo ikazima. Alizima gari. Akawasha tena. Ikazima vilevile.

Alishusha kioo. "Sasa niambie. Taa ikiwaka nikiwa njiani?"

"Unasimama, unazima."

"Na kama kuna mgonjwa ndani?"

"Unazima, unanipigia, nakuja na gari jingine."

"Na kama ni wewe umeniambia nisiogope?"

Kopo alijifuta uso, akajipaka oili kwenye paji. "Hata kama ni mimi nimekwambia, dada. Zima."

"Rudia kwa sauti, Cheche asikie."

"Zima!"

"Nimesikia, shahidi nipo," Cheche alisema. "Hata muuza matairi kasikia."

Dada alicheka kwanza puani, kisha waziwazi, akaegemea usukani mpaka honi ikalia. Mke wa muuza matairi alichungulia kuona nani amekuja. Dada alirudisha gari nyuma kwa uangalifu, akazunguka mtaa mara moja, akarudi na kusimama mlangoni injini ikiunguruma.

"Mwambie binamu atafute mtu wa vitambaa," alisema.

Filta ndefu bado zipo kwenye rafu ya gereji. Mwenye gari lenye nafasi ya kutosha chini ya injini anaweza kuipata, lakini kwanza Kopo anaijaza oili na kuiacha mpaka kesho yake ili kuupima ulimi wake, kisha anapima nafasi kati yake na barabara kwa kipande cha ubao. Wengi siku hizi wanachoka kusubiri, wanachukua ndogo.

Keshokutwa, Jumatatu asubuhi, dada anaanza tena safari za kliniki, na abiria wa kwanza ni yule fundi cherehani. Wiki itakapokwisha atalileta gari gereji kumwaga oili ya kwanza ya injini iliyofufuliwa, ile inayotoka na vumbi la chuma.