Mkate wa Mahindi wa Brigitte

Ukienda kusukwa kwa dada yangu Léocadie, usimwambie unataka nini. Utajichosha bure. Wateja wake wa Jules Street wamekwisha kuzoea. Unaingia na picha kwenye simu, anaitazama, anasema "nzuri," anakurudishia simu yako, halafu anasuka kitu kingine kabisa. Ukilalamika anakugeuza kwenye kioo na kukuuliza kama Mungu alikupa paji la uso la yule wa kwenye picha. Wengi hunyamaza. Wengi pia hurudi, na hilo ndilo linaloniudhi.

Ndivyo alivyo kwa kila kitu. Dawa ya hospitali anaipunguza, wimbo wa kwaya anaupandisha katikati, na mtu akimwelekeza apite kushoto baada ya robot ya pili, yaani taa za barabarani, anapita kulia baada ya ya kwanza kwa sababu anaona ni karibu zaidi. Tangu tufike mtaa huu wa Malvern mimi nimekuwa nikitembea nyuma yake nikiomba radhi. Mimi nilisomea ualimu, nimezoea kusoma maelekezo na kuyafuata. Nimewahi kufikiri kwamba mtu aliyepangiwa kila kitu katika kambi ya wakimbizi, foleni, siku ya unga, mahali pa hema, hawezi tena kutii hata maelezo ya mapishi. Lakini mimi pia nilipangiwa, na ninatii.

Desemba iliyopita mdogo wetu Brigitte alituarifu kwamba anakuja kwa Noeli. Yeye aliolewa kulekule kambini, Tanzania, na ukoo wa mume wake ulipopata nafasi ya Amerika akaenda nao jimbo la Georgia. Sisi wawili tulikuwa tumekwisha kuteremka kusini, huku Malvern. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka kumi. Léocadie aliitangaza habari hiyo kanisani kabla ya matangazo ya mchungaji. Siku chache baadaye ukaja ujumbe mwingine wa sauti: Brigitte amechukua chumba katika nyumba ya wageni kule Kensington, maana hataki kutusumbua.

Léocadie aliusikiliza amesimama saluni, kitana mkononi, mteja akiwa amesukwa nusu kichwa.

"Mtoto niliyembeba mgongoni tukikimbia," alisema. "Leo anaogopa kunisumbua."

Kuanzia hapo hakuwa na jambo lingine. Brigitte atalala nyumbani kwake. Na njia aliyoiona ni kumpikia kile anachopika mwenyewe kila Noeli huko kwake, ili akifika ajione yuko kwake. Akamwomba maelezo. Brigitte akafurahi, akayatuma kwa sauti, vipande vipande, gari likinguruma nyuma yake. Chakula hicho alifundishwa na bibi mmoja wa kanisani kwake, Mmarekani mweusi, ambaye naye alikipata kwa mama yake. Unaoka mkate wa unga wa mahindi wa njano, kwa mayai, siagi na maziwa mgando. Huweki sukari. Unauacha ulale mpaka asubuhi ukauke. Unauvunjavunja, unauchanganya na kitunguu, seleri na majani fulani makavu, unaulowesha kwa supu ya kuku, unaurudisha kwenye oveni.

Gustave, mume wa Léocadie, alikuwa anajiandaa kwenda zamu yake ya ulinzi. Alisikiliza yote, kofia mkononi.

"Kwa hiyo unaoka mkate ili uuvunje."

"Ndiyo," nilimjibu.

"Halafu unauloweka."

"Ndiyo, shemeji."

"Huo mkate umewakosea nini?"

Nilikwenda kununua vitu mwenyewe, kwa sababu namjua dada yangu. Nilizunguka maduka matatu nikitafuta yale majani. Nilipoweka kila kitu mezani, Léocadie aliichukua pakiti ya unga, akaigeuza, na uso wake ukabadilika.

"Hii ni nini?"

"Unga. Amesema wa njano."

"Huu ni unga wa kambi."

Nilijua anachosema. Kwetu mahindi ya njano yalikuwa ya kuku. Kambini tuliyapangia foleni, unga uliokaa sana kwenye magunia, wenye harufu ya ghala, na tulishukuru kwa sababu hapakuwa na kingine.

"Yaya," nilimwambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "ni yeye aliyeuomba."

"Amesahau tu. Amerika inasahaulisha watu."

"Basi tumuulize."

"Nimpigie simu mdogo wangu nimuulize kama anataka chakula cha wakimbizi siku ya Noeli?"

Hapo nilichoka. Nilirudi chumbani kwangu, mtaa wa pili. Ningebaki, labda ningeokoa kitu.

Nilipokwenda mchana wa tarehe ishirini na nne, alikuwa amekwisha kuoka kwa unga mweupe, ule laini wa bukari, ugali wetu. Mayai aliyapunguza kwa sababu mengi yananuka. Sukari aliitia, kwa sababu mkate bila sukari ni huzuni. Mkate ulitoka mweupe na mzito, bukari iliyopoa, ambayo haikukubali kuvunjika. Akaukata kwa kisu, akauponda kwa mwiko, akamimina supu mpaka ukawa uji wenye mabonge. Yale majani hakuyatia. Yalimnukia dawa ya kifua. Halafu, kwa sababu Brigitte alisema chakula kinatakiwa kiwe cha njano, akatia mawese.

"Kimekuwa chekundu," nilisema.

"Wekundu utapungua kikiiva."

Haukupungua.

Brigitte alifika mchana huohuo amevaa suruali nyeupe. Tulilia kidogo mlangoni, wote watatu. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kochi, mkoba mapajani, akasema dereva atamfuata saa kumi. Léocadie alikwenda jikoni. Alileta sahani, akasimama mbele yake kama anavyosimama nyuma ya kiti cha saluni.

Brigitte alionja. Akatafuna muda mrefu kitu kisichohitaji kutafunwa.

"Yaya, hiki ni nini?"

"Ni chakula chako."

"Si changu. Umetia unga gani?"

"Unga wa watu."

"Nilisema wa njano. Nilirudia."

"Nilikusikia."

"Sasa?"

"Ule ni wa kambi, Brigitte. Ulikuharisha mpaka ukashindwa kusimama, na mimi ndiye niliyekuosha. Leo nikuwekee mezani, umetoka mbali hivyo?"

Brigitte aliweka uma chini. "Unafikiri nimesahau?"

Aliisukuma sahani pembeni.

"Mwaka wa kwanza yule bibi aliponiwekea, nilikwenda msalani nikalia. Yeye akafikiri ni chumvi imezidi. Mwaka uliofuata akaniita jikoni, akanipa mkate wote niuvunje kwa mikono yangu. Nikavunja. Sikujua unga ule unaweza kunukia siagi."

"Ungeniambia hayo."

"Nilikwambia wa njano."

"Hukusema kwa nini."

"Tangu lini wewe unataka sababu ndipo ufanye unachoambiwa?"

"Tangu lini anafanya anachoambiwa," Gustave alisema ndani ya kikombe chake.

"Wewe kunywa chai," Léocadie alimwambia.

Brigitte akasimama. "Uko wapi huo unga?"

"Chini ya sinki. Nyuma ya sabuni."

Nilifumba macho. Nyuma ya sabuni. Brigitte alielekea jikoni, na Léocadie, ambaye ni mnene lakini mwepesi, alifika mlangoni kabla yake akauziba.

"Mgeni haingii jikoni."

"Mimi mgeni?"

"Unalala hoteli. Umevaa nguo za kutembea. Rudi ukae, tutakuletea soda."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu hupokewa, hukalishwa, hulishwa. Lakini hagusi sufuria mpaka mwenye nyumba ampe kikwembe kikuukuu cha kujifunga kiunoni, na akishajifunga hicho hakuna tena anayemuuliza anaondoka saa ngapi. Brigitte alilijua hilo kama sisi. Aliitazama suruali yake, akanitazama mimi. Nilitazama ukuta, maana mara nyingi nimeingilia kati ya watu hawa na sijawahi kushukuriwa.

"Mkate huu lazima ulale ndipo uvunjwe," alisema taratibu. "Tukioka sasa, asubuhi atauvunja nani?"

"Sijui," Léocadie alisema. "Labda dereva wako."

"Wewe huwezi. Utauponda kwa mwiko."

"Nitauponda sana."

"Basi nipe kikwembe, yaya."

Léocadie hakusogea mara moja. Alijipangusa mikono iliyokuwa mikavu, akaenda chumbani. Tulisikia sanduku likifunguliwa, na kwa muda hakurudi. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu na kikwembe kilikuwa kimepauka hadi maua yake hayaonekani. Alimfunga Brigitte mwenyewe, akikaza fundo kupita kiasi.

"Kinabana," Brigitte alisema.

"Umenenepa."

Nje gari lilipiga honi. Gustave aliweka kikombe, akatoka kumwambia dereva aende. Nilipochungulia jikoni, Léocadie alikuwa ameshika kopo la sukari, na Brigitte amemshika mkono.