Jaji Aliyeshuka Shimoni

Jumatatu asubuhi, nikiwa nyuma ya pikipiki kuelekea Musonoi, simu ililia nikaambiwa jaji wetu mstaafu amefariki usingizini. Alikuwa amekula chumvi nyingi, wajukuu walikuwa karibu naye, na sikulia. Nilimwomba dereva asimame, nikacheka peke yangu kando ya barabara mpaka akaniuliza kama ni mzima. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba kabla ya safu hii nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Kolwezi. Ambalo sijawahi kuwaambia ni kosa nililofanya mbele yake.

Mama mmoja mjane wa Kasulo alimshitaki jirani yake. Jirani alikuwa amechimba shimo la kobalti sebuleni mwake, kama wengi mtaani, na mama alidai kwamba njia ya chini imekwisha kufika chini ya jiko lake. Ukuta ulikuwa umepasuka, na nyumba ile ndiyo mali pekee aliyoachiwa na mumewe. Jirani alikana, wachimbaji wake wakaapa kwamba njia imeelekea upande mwingine. Basi jaji akatangaza kwa Kifaransa kwamba mahakama itafanya "descente", neno ambalo kwa kawaida ni kushuka, lakini mahakamani maana yake ni kwenda kukagua mahali penyewe. Mimi, kwa haraka ya ujana, nikawatafsiria watu, waliozoea kumwita Tata Juge, yaani Baba Jaji: "Kesho asubuhi Tata Juge atashuka." Heri kujikwaa dole kuliko ulimi.

Kesho yake tulikuta kamba imefungwa, kofia yenye taa imepanguswa, na wachimbaji wamejipanga kama wanaompokea gavana. "Tata Juge, kamba iko tayari," mkubwa wao akasema. "Tunakungoya." Jaji alinitazama. Nilitamani shimo linimeze mimi kwanza. Nikaanza kueleza kosa langu, naye akaninyamazisha kwa mkono.

"Neno ilisha kutoka mu kinwa ya tribunal," akasema akivua koti. "Minashuka." Kisha akamgeukia mjane: "Mama, weye ingia mu jiko yako, utwange sombe kama kila siku."

Alishushwa polepole, jasho likinitoka mimi. Juu tulisikia mama akitwanga majani yake ya muhogo, na kwa muda mrefu hatukusikia kingine. Halafu sauti ya jaji ikapanda kutoka shimoni: "Kinu iko juu ya kichwa yangu! Udongo inaniangukia mu macho!" Mama akaacha mchi, akapiga vigelegele. Hukumu ilikuwa fupi: njia ijazwe udongo, ukuta ujengwe upya. Wachimbaji waliijaza wenyewe bila kunung'unika, maana, kama mmoja wao alivyoniambia, "Ule tata alifika mu kazi yetu."

Siku hizi kesi za mashimo huja na picha za simu na ramani zilizochorwa kutoka angani. Sizidharau, na najua naye angezitumia. Linalonisumbua ni kwamba wapo majaji wanaokata kesi bila hata kuchafua viatu. Yeye, mpaka alipostaafu, alininong'oneza utani kila kesi ya Kasulo ilipoitwa: "Mukalimani, chunga kinwa yako, mi minazeeka." Hakunitania kamwe mbele ya watu.

Jana tulimzika, na familia iliniomba nitafsiri maneno ya padri. Ilipofika saa ya kuteremsha jeneza, nilijikuta nimesema: "Sasa Tata Juge atashuka." Wachimbaji wa zamani waliosimama nyuma wakaangua kicheko, kisha mmoja akasogea kushika kamba. "Polepole," akasema. "Kule chini alisha kuzoea."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na wengi wao, mdogo akikosea, humtupia lawama wakaendelea na njia yao. Huyu alilibeba kosa langu akashuka nalo, likamwokolea mtu nyumba. Tulipokuwa tunatoka makaburini yule mjane wa Kasulo alinishika mkono, machozi na kicheko vikiwa pamoja usoni.

"Ile siku," akaniambia, "ulikosea muzuri, mutoto wangu."