Pale Palipobonyea

Wateja walimwita Cheche, kwa sababu alichomelea vyuma na kwa sababu ya ulimi wake. Hakujua kufanya kazi nusunusu. Baiskeli ya mbio ya baba yake, ya chuma, kuukuu kuliko yeye mwenyewe, aliifungua mpaka ikabaki fremu tupu. Akaipiga msasa, akaziba kila palipobonyea, akairudishia rangi yake ya kijani.

Macho ya baba yalikuwa yameshafifia kabisa, kwa hiyo Cheche akaisukuma hadi kwenye kiti chake, roho juu kama mtoto anayesubiri kusifiwa.

Mzee alishika usukani, akatabasamu. Akapitisha vidole kwenye bomba la juu la fremu, akavirudisha, akapitisha tena. Tabasamu likamtoka.

"Hii si yangu, mwanangu."

"Si yako? Baba, usinitie wazimu! Gusa mikono yangu ilivyochubuka!"

"Yangu ilibonyea hapa. Siku nilipoambiwa umezaliwa, niliikimbiza kama mwendawazimu, nikaparamia nguzo. Tangu hapo, kila nikiipanda, lazima nipaguse."

Cheche akaenda kuchukua nyundo.

"Nionyeshe ni wapi hasa."

Mzee akaweka kidole gumba juu ya rangi mpya. Alipokiondoa tu, Cheche akapiga.

Baba akapapasa. Kidole kikatua mahali pake, kikatulia.

"Gonga tena kidogo," akasema. "Nilikuwa na furaha zaidi ya hapo."