Ujazo wa Kihenge cha Mama

Nafundisha hisabati darasa la saba hapa Sumbawanga mjini. Kila tukifika kwenye ujazo wa mcheduara, naandika kanuni ubaoni haraka haraka na watoto hudhani nimeamka vibaya. Wala sina hasira nao. Ni aibu tu.

Mwaka aliofariki baba, mama alibaki peke yake Mwimbi na kihenge kimoja cha mahindi. Dada yangu aliyeolewa Msanzi shamba lake lilikuwa limeharibiwa na mvua. Mama alitaka kumsaidia, ila aliogopa kupungukiwa kabla ya mavuno. Akaniuliza mimi, msomi wa familia.

Nilijidai kweli siku hiyo. Nilizungusha kamba kwenye kihenge, nikapata mzingo, nikatafuta nusukipenyo, nikapima kimo kutoka chini hadi mahindi yalipoishia.

"Debe ishirini na saba," nikatangaza. "Mpe dada nane. Zinazobaki zitakufikisha kwenye mavuno, na za kuku zitakuwepo."

"Mwalimu kasema!" mama akacheka, akaanza kuchota.

Nilikuwa nimepima nje. Ukuta wa fito na udongo ulikuwa na unene wa kiganja kizima. Tena baba alikuwa ameinua sakafu ya ndani juu ya mawe ili unyevu usipande, kisha akakandika udongo hadi chini, kwa nje huoni kitu. Maswali ya namna hiyo nawatungia watoto mwenyewe, na anayesahau unene wa ukuta namwekea kosa bila huruma.

Nilirudi Pasaka. Mama alikuwa amekonda, gauni lake la kanisani linamning'inia. Kila wiki kwenye simu aliniambia, "Tupo, tunakula." Nikaingiza mkono kihengeni, nikagusa fito tupu.

"Yameisha lini, mama?"

"Mwezi wa pili."

Tangu hapo alikuwa akiishi kwa majani ya maboga na uji mwepesi wa ulezi, mara moja kwa siku. Nililia mbele yake kama mtoto.

"Kwa nini hukuniambia?"

Aliinamisha macho, kama aliyekamatwa na kosa.

"Wewe ulishapiga hesabu, mwanangu. Nikajua ni mimi ninayekula sana."