Huko Chuoni Atakula kwa Nani?

Siku niliporipoti Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, na sanduku langu la bati, Mkuu wa Shule hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza kama naogopa maji. Nikamjibu kuwa mimi ni mtu wa Kondoa, maji mengi nimeyaona kwenye pipa tu, na hili ziwa lenu sijui hata mwisho wake uko wapi. Alicheka mpaka akashika meza.

“Basi utafundisha fizikia,” akasema. “Na ushauri wa vyuo utakuwa wako, maana hapa kila mwalimu anaukimbia.”

Nyinyi vijana mnaodhani simu inajua kila kitu, hebu niwaeleze. Ushauri wa vyuo ni kukaa na mtoto anayemaliza shule, kutazama ufaulu wake na hali ya kwao, kisha kumwonyesha chuo atakachoingia na, zaidi ya hapo, atakachomaliza. Kuingia si kazi. Nimeona wengi wakiingia kwa vigelegele, wakarudi kimya kimya mwaka wa pili, wazazi wakasema wamekuja kusalimia.

Mkuu yule alikuwa mfupi, mpole, na hakupenda maneno mengi. “Mtoto akitaka uhandisi,” aliniambia, “usiishie kwenye ada. Ada ndiyo watu wanayoiuliza kwanza, na ndiyo inayowadanganya kwanza. Uliza kitanda, uliza chakula, uliza nauli.” Alisema kweli. Uhandisi ni miaka minne, na likizo zake ndefu si likizo. Kuna mafunzo kwa vitendo, yaani mwanafunzi anapelekwa kiwandani au penye ujenzi akafanye kazi kwa mikono yake, na huko nako anakula na kulala. Mzazi wa Liuli aliyepiga hesabu ya ada peke yake alikuwa amepiga nusu ya hesabu.

Wa kwanza kunisumbua akili alikuwa Festo, mtoto wa mvuvi wa Mbaha, mbishi kama punda wa kwetu. Alitaka chuo kilichokuwa kikitajwa sana redioni. Nikamwambia, redio haitakulipia pango. Tulibishana wiki nzima, mwisho akaenda chuo cha serikali Mbeya, ada nafuu, na mkopo wa serikali akapata. Kila alipotoka nyumbani alibeba gunia la usipa mkavu, samaki wetu wadogo wa ziwani. Wengine alikula, wengine aliwauzia wenzake. Akamaliza, akaajiriwa hukohuko Mbeya, akaoa.

Nilihamishiwa Mbinga nikiwa nimekwisha kuzoea joto la ziwani. Loo, baridi ile! Milima, kahawa, na mashamba ya ngolo yenye vishimo mteremko mzima. Mkuu wa Shule huko alikuwa mama wa Bukoba ambaye hata kengele ilimwogopa. Mwaka wangu wa tatu akaniletea Konsolata Ndunguru.

Binti huyu alisoma tahasusi ya fizikia, kemia na hesabu, akafaulu vizuri kweli. Alitaka uhandisi ujenzi. Kijijini kwao kivuko cha miti kilisombwa kila masika, na kahawa ya mama yake ikabaki ng’ambo ikingoja mto upungue. Alikuwa amepata vyuo viwili: kimoja binafsi Dar es Salaam, ghali, na kile cha serikali Mbeya. Sasa, aliyepata viwili hutakiwa kuthibitisha kimoja kabla dirisha la udahili halijafungwa. Ukithibitisha, umefunga ndoa. Usipothibitisha, umekosa vyote.

“Si jambo la kufikiri hata kidogo,” nikamwambia. “Mbeya.”

Akainama. “Mwalimu, sengu imeshasema Dar.”

Sengu ni baraza la ukoo la Wamatengo. Watu wa ukoo mmoja wanakula pamoja, kila nyumba inaleta chakula chake, na wakishakula wanaamua mambo yao. Siku hizi koo nyingi zimeiacha, ila ya kina Ndunguru hawa ilikuwa hai. Iliamua Dar kwa sababu baba mdogo wa Konsolata anaishi Mbagala, na Mbeya hawana mtu. Ili ada ipatikane, shamba la kahawa la mama yake lingeuzwa.

“Shamba likiuzwa,” binti akasema, “wadogo zangu watasomeshwa na nini?” Akalia pale ofisini, nami sikujua niweke wapi mikono yangu.

Nikaenda kwa Mkuu. Akanitazama juu ya miwani. “Mambo ya ukoo hayamo kwenye mtaala, Mwalimu. Ukienda, nenda kama mgeni. Usiende kama serikali.”

Nikaenda. Nikamwamkia Babu, mkubwa wa sengu ile, shikamoo yangu ikapokelewa, nikakaribishwa ugali na maharage. Baada ya kula nikamwaga yote niliyojua: ada, pango, nauli ya kila siku kutoka Mbagala hadi chuoni, na yule baba mdogo mwenye chumba na sebule na watoto wanne. Nilidhani nimemaliza.

“Ada nimeielewa,” Babu akasema taratibu. “Kahawa ikiondoka inapandwa tena. Mtoto akipotea hapandwi. Huko Mbeya atakula kwa nani?”

“Chuoni kuna mkahawa, Babu.”

“Mkahawa una mjomba?”

Watu wakaangua kicheko. Niliona aibu, wallahi, na hasira juu yake. Lakini njiani nikirudi kichwa kikapoa. Mzee hakuwa mjinga. Aliuliza swali lilelile la Mkuu wangu wa Liuli, ila yeye hakutaka jibu la hesabu. Alitaka jina la mtu.

Nikampigia simu Festo. “Njoo Mbinga, uje kula.”

“Kula nini, Mwalimu?”

“Njoo tu, mbishi wewe!” Kisha nikamweleza habari za Konsolata.

Alikuja na mkewe na mfuko wa mchele wa Kyela, dirisha likikaribia kufungwa. Mchele ukapikwa kwa kina Ndunguru, ukaliwa na wote. Babu alimtazama Festo alivyonawa, alivyomega, alivyomwachia mkubwa kipande cha nyama. Akamuuliza ukoo wake, akamuuliza baba yake anavulia wapi. Mzee mmoja akanung’unika kuwa huyu ni Mnyasa wa ziwani, si wa kwetu.

“Amekula chungu chetu,” Babu akasema. “Ni wa kwetu.” Kisha akamgeukia Festo. “Binti akilala njaa Mbeya, njaa hiyo ni yako.”

“Nimesikia, Babu,” Festo akasema. Mkewe akadakia, “Chumba chake nimeshakifagia.”

Konsolata akakimbia kupanda kilimani penye mtandao akathibitishe. Mama yake akaanza kukusanya vyombo. Shamba halikuuzwa.

Baadaye Afisa Elimu wa Wilaya alinipeleka Chiwanda, karibu na mpaka wa Msumbiji, kisha nikarudishwa Mbinga kumalizia. Kila mtoto aliyetaka uhandisi nilimuuliza la Babu kabla ya la ada. Kwa waliopata jina la mtu nilikuwa nalala usingizi. Wasiopata nilihangaika kuwatafutia, na si kwa wote nilifanikiwa.

Nilipostaafu nikafunga sanduku lilelile la bati nirudi Kondoa. Kabla ya kuondoka nikaitwa kwa kina Ndunguru kula. Babu alikwisha fariki. Konsolata, sasa mhandisi, alikuwa amevuka daraja la zege alilolisimamia mwenyewe ili afike pale. Tukala. Nikasimama kuaga, nikashukuru, nikasema naenda kupumzika kwetu.

Konsolata hakunyanyuka. Alikuwa bado ananawa mikono.

“Mwalimu,” akauliza, “wazazi wako wapo?”

“Walishatangulia.”

“Ndugu?”

“Wametawanyika. Mmoja Tanga, mmoja Mwanza.”

“Sasa huko Kondoa,” akasema, “utakula kwa nani?”

Sengu nzima ikanitazama. Mimi niliyewauliza watoto swali hilo miaka yote, nilitafuta jina hata moja, nikakosa. Nikakaa chini.