Konduite Njo Konduite

Juzi, kwenye biro moja ya kushauri watu juu ya masomo hapa Kalemie, mbele yangu alisimama kijana aliyetoka Kabalo na treni.

"Papa, kuna breve mbili za kusomea," akamwambia karani. "Moja ya kupanga kazi, ingine ya konduite ya kazi. Nichague gani ili nikuwe mukubwa wa shantie, pale wanajenga?"

Karani hakuinua macho. Alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. "Konduite? Hiyo haisomewi, sitwayen. Enda ku biro ya zone, watakuandikia kama uko muntu wa tabia nzuri."

"Papa, si ya tabia. Njo ya kuongoza watu na kazi."

"Konduite njo konduite," akajibu, akafunga dirisha.

Damu ilinichemka. Neno moja la Kifaransa lina maana mbili, tabia na kuongoza kazi, na aliyewekwa hapo kushauri watu anajua moja tu. Kijana amekuja kutafuta ujuzi, anatumwa akatafute cheti cha adabu.

Nilirudi nyumbani kwa kupitia soko letu jipya, lile ambalo mpaka leo halina paa. Sasa nimeelewa. Wakubwa wa shantie ile wana konduite nzuri sana.