Koti Jeupe la Mkate Moto

"Umesikia? Mkate Moto kalipwa na bima, hela anazilalia," jirani yangu aliniambia tukiwa kwenye kamba ya nguo. "Magongo yale ni ya kututia huruma tu. Wewe subiri, mwakani utamwona na gari."

Nikakibana kibanio mdomoni nisije nikamjibu. Mimi ndiye ninayempelekea uji asubuhi, najua anacholalia: godoro lililobonyea upande mmoja. Na suruali yake, mguu mmoja umekunjwa ukapigwa pini.

Jina la Mkate Moto tulimpa sisi wenyewe. Miaka kumi na moja alitoka kwenye tanuri la mikate na baiskeli, kreti mbili nyuma, koti jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni. Kengele hakuwa nayo, kengele yake ilikuwa koo: "Mkate moto! Anayelala na alale!" Mwanangu alijua kusema "moto" kabla ya kusema "mama". Koti alilifua mwenyewe kila jioni. Alisema mtu huanza kuula mkate kwa macho, na macho yakimkuta muuzaji mchafu, yanashiba.

Siku ile nilikuwa mlangoni namnyonyesha mtoto. Barabara yetu ni nyembamba, huku mtaro, kule ukuta. Gari la kijivu likaja nyuma yake linapiga honi. Angepita wapi? Akanyoosha mkono, kwamba subiri kidogo nifike kwenye kona. Dereva akampita kwa kumbana, kreti moja ikaanguka, mikate ikamwagika mtaroni. Mkate Moto akaligonga gari kwa kiganja. "Bwana, hata pole hamna?"

Gari likasimama. Nikadhani mtu anashuka kuomba radhi. Likarudi nyuma kwa kasi, likamkanyaga mguu, kisha likaondoka zake.

Hospitali walimvua koti wakanikabidhi kwenye mfuko. Lilikuwa na damu, na kwenye pindo palikuwa na alama ya tairi, nyeusi, imekaa kama muhuri. Niliona aibu kwa niaba yake. Mtu aliyelipenda koti vile, alikute hivi? Nikaliloweka siku mbili, nikalisugua hadi vidole vikachubuka, nikalianika, nikalipiga pasi. Aliporudi bila mguu nilimpa likiwa limekunjwa vizuri. Alilikumbatia kama mtoto.

Juzi nilimsindikiza kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vioo. Ngazi alizipanda kwa makalio, moja moja, huku akitania. "Zamani mbwa wote wa mtaa walikuwa wananikimbiza. Siku hizi wananitazama tu, wanaona hakuna mashindano." Nikacheka, nikageuza uso.

Mwanasheria alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi. Akatueleza polepole. Dereva ameshapatikana, lakini polisi ameandika kwamba hakumgusa mtu, jamaa alianguka mwenyewe. Njia ziko mbili. Ya jinai, serikali ndiyo inamshtaki. Ya madai, aliyeumia anadai fidia mwenyewe, na hiyo ndiyo inayoweza kumpatia mguu wa bandia. Zote mbili zinataka ushahidi.

"Nguo ulizovaa siku ile ziko wapi, kaka?"

Mkate Moto akatoa koti kwenye mfuko, kwa fahari kabisa. Jeupe pee. Mwanasheria akaligeuza, akaliinua dirishani, akalitazama pindo kwa muda mrefu.

"Nani kalifua?"

Mwanangu, mgongoni, akasema, "Moto."

"Mimi," nikasema.

Hakunigombeza. Alivua miwani tu, akaifuta. "Basi kuna mtu aliyeona?"

Polisi walipopita mtaani niliwaambia nilitoka baada ya kusikia kishindo. Mume wangu alikuwa amenionya kwamba ulimi huponza kichwa, na sisi ni wapangaji tu. Nikatazama sakafu. Mkate Moto naye akalikunja koti lake, mkono juu ya mkono.

Tuliporudi, akaomba apumzike kwenye ukingo wa mtaro, palepale mikate ilipomwagika. Akalaza magongo chini.

"Mdogo wangu, siku ile mlango wako ulikuwa wazi. Nilikupungia mkono kabla ya ile honi, ukanipungia."

Machozi yakanitoka. "Kaka, koti lile..."

"La koti nimekusamehe, ulinifulia kwa upendo. Lakini koti limeshanyamaza, umebaki wewe." Akamtazama mtoto mgongoni kwangu. "Jumatatu saa tatu, panda tena zile ngazi na mimi, useme ulichokiona. Mtoto asikupe wasiwasi. Nitampakata mimi."